Ngoma Isiyo na Ngoma: Neno Moja Kutoka Songwe Hadi Daftari za Watafiti

Mwaka 1939 neno moja lilipita katika mashine za uchapaji za miji mitatu. Huko Uingereza ilitoka kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyoandaliwa chini ya Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, aliyefariki kabla hajaishika mkononi. Paris ikatoa kamusi ya padri Charles Sacleux, ambaye alianza kukusanya maneno ya pwani alipofika Zanzibar mwaka 1879. Na Johannesburg, jarida la Bantu Studies likachapa makala ya kijana Mwingereza, Godfrey Wilson, juu ya taratibu za mazishi za Wanyakyusa. Waandishi hao watatu hawakuwa wakijibizana. Kila mmoja alikuwa na shughuli yake. Lakini wote watatu walikuwa wanashughulika, kwa kujua au kwa kutojua, na neno ngoma.

Kamusi hufanya kazi yake kwa utaratibu unaoeleweka. Huanza na kitu kinachoshikika: gogo lililochongwa na kuwambwa ngozi. Kisha huja uchezaji, na baada yake shughuli nzima ya watu kukusanyika, kuimba, kula na kukesha. Msomaji akipita haraka ataondoka na picha ya mti: chombo ndio mzizi, hayo mengine matawi. Makala ya Wilson haikuwa na nia ya kueleza neno lolote. Ilieleza msiba. Na ndani ya msiba huo picha ya mti haikukaa sawa.

Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi miongoni mwa Wanyakyusa kwa vipindi kati ya 1934 na 1938. Wilaya ya Rungwe ya wakati ule ilianzia kwenye baridi ya Tukuyu ikateremka hadi kwenye joto la ziwani, na Kyela ya leo ilikuwa ndani yake. Ngana nayo ilikuwamo, upande wa Mto Songwe, ambako ng'ambo ya maji inaanza wilaya ya Karonga. Mto huo ulifanywa mpaka kwa mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa Julai 1890, lakini lugha haikusaini mkataba: Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela wanasikilizana bila mkalimani, na misiba ya upande mmoja ina ndugu upande wa pili.

Wilson na mkewe wao walihitaji mkalimani, na walimpata Leonard Mwaisumo, karani aliyewafungulia milango mingi kuliko vitabu vyao vinavyosema. Ilibidi kusubiri hadi 2013, kitabu kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank kilipotoka, ndipo watu kama Mwaisumo wakapewa nafasi yao katika historia ya utafiti ule. Nasema hivi mapema kwa sababu maneno ya Kinyakyusa yaliyomo katika kazi za akina Wilson hayakuokotwa njiani. Kuna mtu aliyeketi akaeleza, akasahihisha, akaandika.

Walichokiona kwenye misiba ni hiki. Wanawake walikaa na maiti, wakilia na kuomboleza. Nje uwanjani ngoma zilipigwa, na wanaume, hasa vijana, wakacheza na mikuki mikononi, wakiruka na kukimbia huku na huko, kijiji kimoja kikijionyesha mbele ya kingine. Wasichana nao waliingia. Zamani, kabla serikali ya kikoloni haijakaza mkono, uchezaji huo uliweza kugeuka mapigano ya kweli papo hapo, na mazishi ya mtu mmoja yakazaa mengine. Wenyewe waliueleza mchezo huo kuwa ni jambo la vita: hasira, hofu na uchungu vilivyomo ndani ya mtu vinatafuta mahali pa kutokea. Kitenzi walichokiandika akina Wilson kwa uchezaji huo ni ukukina. Majirani waliokuwa Wakristo hawakuucheza. Wao waliimba nyimbo za kanisa, na kwa hiyo msiba mmoja uliweza kuwa na makundi mawili yenye sauti mbili, kila moja likiomboleza kwa namna yake.

Sasa mtu aulize: huo ulikuwa muziki? Godfrey Wilson hakuuliza. Alikuwa mwanafunzi wa Bronisław Malinowski, na macho yake yalitafuta ukoo, deni, kafara na amani kati ya walio hai na wafu wao. Monica aliyaendeleza hayo katika vitabu vyake, kuanzia kile cha vijiji vya marika cha mwaka 1951 hadi vile vya ibada za ukoo na za jamii vya 1957 na 1959. Ngoma zimo humo kote, zinasikika karibu kila ukurasa wenye mazishi. Ila kwenye rafu za maktaba vitabu hivyo vimeketi pamoja na vya anthropolojia, na mtafiti wa muziki anaweza kumaliza shahada zake zote bila kuvigusa. Ushahidi mzito kuliko wote kuhusu maana ya ngoma kaskazini mwa Ziwa Nyasa uliwekwa katika faili la mazishi.

Neno lenyewe ni la zamani sana. Malcolm Guthrie, katika majalada yake manne ya kulinganisha lugha za Kibantu yaliyotoka kati ya 1967 na 1971, aliliorodhesha miongoni mwa mizizi iliyosambaa eneo kubwa: -goma, lenye maana ya chombo cha kuwambwa. Wanaisimu wanakubaliana hapo. Lakini mzizi ukishatembea maelfu ya kilomita kwa karne nyingi hauwezi kubaki na mzigo uleule. Nchini Rwanda ingoma ni chombo, na ni utawala pia. Kusema jambo lilitokea kwa ingoma ya fulani ni kusema lilitokea enzi za ufalme wake, na ngoma Karinga ilikuwa alama kuu ya ufalme huo hadi ufalme wenyewe ulipoondolewa mwaka 1961. Kwa Kixhosa, kusini kabisa, ingoma ni wimbo. Kwa Wazulu ingoma ni uchezaji wa kundi, miguu ikikita ardhini kwa pamoja, na mganga wao anaitwa isangoma.

Habari ya kusini isingetuhusu sana kama isingetufuata mpaka huku. Tarehe 20 Novemba 1835, siku ya kupatwa kwa jua, Wangoni wa Zwangendaba walivuka Mto Zambezi wakielekea kaskazini. Zwangendaba alifia Ufipa katika miaka ya 1840, watu wake wakagawanyika. Baadhi wakashuka upande wa magharibi wa ziwa na kukaa Mzimba, wengine wakaishia Songea. Walikuja na ingoma yao, mchezo wa vita wa ngao, rungu, njuga za miguuni na sauti za wanaume na wanawake. Chombo cha kuwambwa hakimo. Miguu ndiyo inayopiga. Margaret Read, aliyeishi na Wangoni wa Nyasaland katika miaka ya 1930, wakati uleule ambao akina Wilson walikuwa Rungwe, aliandika juu ya nyimbo na michezo hiyo.

Kwa hiyo pwani za Ziwa Nyasa zilikuwa na hali ambayo mwenye kamusi angekuna kichwa. Huku Kyela ing'oma ni chombo kinachopigwa msibani. Safari ya siku kadhaa kwenda kusini, ingoma ni shughuli nzima isiyo na chombo hicho. Mzizi mmoja, ziwa moja. Anayeshikilia kwamba chombo ndicho maana ya kwanza na mengine yote yamezaliwa nacho, aanze kuwaeleza Wangoni.

Vita ya kwanza ya dunia ikaongeza utata. Beni ilikuwa imeanza kwenye pwani ya Waswahili mwishoni mwa karne ya 19, huko Lamu, Mombasa na miji mingine, kwa vijana waliovaa sare, wakatembea kwa gwaride na kushindana kwa vyama, Marini upande mmoja na Arinoti upande mwingine. Jina ni bendi, likapita katika kinywa cha Kiswahili. Hadi mwaka 1914 beni ilikuwa bado mambo ya pwani na ya miji iliyofungwa nayo. Tarehe 9 Septemba mwaka huo Wajerumani walivuka Songwe na kushambulia Karonga, wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa pande zote. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yakaingia upande wa Wajerumani kutoka kusini-magharibi na kuiteka Neu-Langenburg, yaani Tukuyu. Uwanda wa Kyela ukawa njia. Juu yake walipita askari wa King's African Rifles na wapagazi waliojulikana kama tengatenga, watu wa kila kabila la Nyasaland wakiwa wamebeba risasi na unga kwa kichwa.

Watu hao walirudi nyumbani na gwaride miilini mwao. Kando ya ziwa, upande wa Nyasaland, gwaride likawa mganda na malipenga. Lipenga ni kibuyu kilichokatwa na kutobolewa, kikafunikwa tundu moja kwa utando wa buibui; mtu akiimba ndani yake sauti hutoka ikiwa na mkwaruzo wa tarumbeta. Vibuyu vya ukubwa tofauti vikipangwa pamoja, unapata bendi nzima ya shaba bila shaba. Wachezaji wanavaa kaptula nyeupe, soksi ndefu, viatu vilivyong'arishwa, wengine miwani na filimbi. Kila kundi lina vyeo vyake: mfalme, kapteni, sajini, daktari. Kuna ngoma kubwa moja ya kushika mwendo, basi. Mganda ukazunguka ziwa hadi upande wa mashariki, kwa Wanyasa wa Mbamba Bay na Liuli, ambako hadi leo wanaume wana mganda na wanawake wana kioda.

Maofisa wa kikoloni waliwatazama wacheza hao wakacheka, au wakaogopa. Waliocheka waliona kuiga. Walioogopa waliona chama chenye viongozi, michango na nidhamu, ambacho hakikuanzishwa na mkuu wa wilaya. Kwa maoni yangu walioogopa ndio walioona vizuri zaidi. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyejiuliza kwa nini watu wa ziwani, wakiwa na kitu kipya chenye vibuyu na gwaride la Kizungu, hawakusita kukiita ngoma. Kwao hakukuwa na la kujadili. Kundi limetoka kijijini kwao, limevaa, limealikwa au limejialika, limecheza mbele ya wenyeji, limelishwa, na mwakani wenyeji watalipa ziara hiyo. Ni ngoma, hata kama ngoma yenyewe iko pembeni ikihesabu hatua tu.

Watafiti wakaja, kila mmoja na kisu chake. Mwaka 1945 padri A. M. Jones, mmisionari wa Kianglikana huko Rhodesia ya Kaskazini, alichapa makala kuhusu mganda. Jones alikuwa na sikio la ajabu kwa midundo. Aliikata, akaihesabu, akaiandika kwa nota, akaonyesha jinsi mapigo yasiyoanza pamoja yanavyoshikana. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye majalada yake mawili ya mwaka 1959 ambayo wanamuziki wanayabishania hadi leo. Mwaka 1956 J. Clyde Mitchell alichapa utafiti kuhusu kalela, ndugu wa beni na mganda, aliyoiona kwa vijana wa Kibisa mjini Luanshya katika ukanda wa shaba. Mitchell hakuhesabu mapigo. Alisikiliza mizaha ya nyimbo juu ya makabila mengine, akaeleza jinsi ukabila unavyotengenezwa upya mjini. Mwaka 1975 Terence Ranger, aliyekuwa amefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, akatoa kitabu chake cha beni, na humo ngoma ikawa historia ya watu wa kawaida kujipanga wenyewe chini ya ukoloni. Ranger hakujali sana vibuyu vinalia vipi.

Sina ugomvi na yeyote kati ya hao. Bila Jones tusingekuwa na midundo, bila Ranger tusingekuwa na vyama. Lakini ukiwasoma kwa mfululizo unaona jambo: ukoo mmoja wa michezo umepita kwenye mikono ya wataalamu watatu, na kila mmoja ameondoka na kiungo chake akiamini amebeba mnyama.

Kisu kikali kuliko vyote kilikuwa mashine. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alipita kusini-mashariki mwa Tanganyika, Lindi na Makonde, akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Silinda ya nta ilichukua dakika chache tu. Mtu aliambiwa asogee, aimbie ndani ya pembe, asiruke, asigeuke. Wacheza wakaachwa nje ya silinda. Silinda za namna hiyo kutoka pembe zote za dunia zilikusanywa Berlin, kwenye hifadhi ya sauti ambayo Erich von Hornbostel aliisimamia tangu 1905. Mwaka 1928 Hornbostel aliandika makala mashuhuri kuhusu muziki wa Waafrika, na humo, kwa akili kali, alidai kwamba midundo ya huku haieleweki kwa sikio peke yake, kwamba lazima ufikirie mwendo wa mwili wa mpigaji, mkono unaponyanyuka na unaposhuka. Alilifahamu hilo akiwa mbali, kwa kusikiliza nta ambayo miili hiyo ilikuwa imetengwa nayo. Hugh Tracey alipokuja Tanganyika mwaka 1950 na gari lake la kurekodia, vifaa vilikuwa bora mara nyingi zaidi, na santuri zake, ambazo baadaye zilihifadhiwa katika taasisi aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, ni hazina isiyo na mfano. Hata hivyo santuri ina pande mbili, na upande mmoja una dakika zake. Msiba wa Kinyakyusa wa siku tatu ungeingia wapi?

Mwaka huohuo wa 1950 Jaap Kunst wa Uholanzi aliipa taaluma yenyewe jina jipya, etnomuzikolojia, na mwaka 1955 Wamarekani wakaunda chama chake. Alan Merriam, mmoja wa waanzilishi, alikuwa ametafiti kwa Wasonge wa Kongo, na kitabu chake cha 1964 kilisisitiza kwamba sauti, tabia na fikra za watu kuhusu muziki haviachani. Miaka mingi baadaye, 1998, Christopher Small akachoka na nomino ya muziki akaigeuza kitenzi, akisema muziki ni jambo linalotendwa na wote waliopo, hata mkata tiketi. Kitabu kilipokelewa kama ugunduzi. Msomaji wa Kiswahili atasamehewa akitabasamu.

Upande wetu nao tulikuwa na visu vyetu. Tarehe 10 Desemba 1962 Julius Nyerere, akihutubia kama rais wa kwanza wa jamhuri, alitangaza wizara ya utamaduni na kuwauliza watu waliojua rumba na chachacha kama waliwahi hata kusikia gombe sugu, mangala au kiduo. Ilikuwa hotuba ya kuamsha watu, na iliamsha. Lakini katika ofisi zilizofuata, neno lilipata mkia: ngoma za jadi, ngoma za asili. Mwaka 1974 liliundwa baraza la sanaa na, mbali nalo, baraza la muziki, kana kwamba sheria imepima ikaona ngoma na muziki havikai chumba kimoja. Mwaka 1984 yakaunganishwa kuwa BASATA. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanza mwaka 1981 kilifundisha ngoma za makabila mengi kwa wanafunzi waliotoka makabila mengine, na ngoma za jukwaani zikajifunza kuanza na kwisha kwa wakati, zikiwatazama wageni wa heshima. Ndivyo ngoma ya Kyela na Rungwe iitwayo ling'oma inavyoonekana leo kwenye matamasha ya Tukuyu: kundi linapanda, linapewa muda, linashuka. Wacheza ni hodari. Anayeijua ngoma kwa jukwaa peke yake atasema ni mtindo wa kucheza wenye jina, na hatakuwa amedanganya.

Mganda haukuwa wa jadi wala wa kisasa, kwa hiyo ulisumbua orodha hizo. Ulitoka jeshini, una kaptula. Afisa utamaduni akiulizwa unaingia fungu gani huuweka kwenye asili, na amefanya vyema, maana miaka 100 imetosha kuupa wajukuu.

Kundi la mwisho la watafiti lilikuja kupitia mlango wa tiba. Victor Turner, akifanya kazi kwa Wandembu wa Zambia, aligundua kwamba neno ngoma kwao lilisimamia ibada nzima ya kumtibu aliyeshikwa na mzimu, na kitabu chake cha 1968 kilibeba jina lenye ngoma na mateso. John Janzen alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1982 na 1983 alitembelea waganga katika miji minne, Kinshasa, Dar es Salaam, Mbabane na Cape Town, akarudi na hoja kwamba kuna taasisi moja kongwe iliyosambaa nchi za Kibantu: mtu anaugua, anatambuliwa, anaingizwa, anaimba wimbo wake mbele ya wenzake wanaoitikia, na mwisho mgonjwa anakuwa mganga. Taasisi hiyo aliiita ngoma, na kitabu chake cha mwaka 1992 kina neno letu kwenye jalada. Waliomjibu katika mkusanyo uliotoka mwaka 2000, ukihaririwa na Rijk van Dijk, Ria Reis na Marja Spierenburg, walimpa heshima yake kisha wakambana: mbona kuna ngoma zisizotibu mtu? Mbona siasa na ushindani vimeachwa?

Swali hilo lingeweza kuulizwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo aliyepelekwa Berlin kufundisha Kiswahili. Maandishi yake juu ya desturi za Waswahili, yaliyochapwa na Carl Velten mwaka 1903, yanazipitia ngoma za harusi, za majivuno na za pepo moja baada ya nyingine, bila kuhisi haja ya kusema ipi ndiyo ngoma halisi. Alikuwa anaandika kwa lugha yake.

Karibu na Songwe hoja ya Janzen ina nguvu kwa upande mmoja wa mto kuliko mwingine. Watumbuka wa kaskazini mwa Malawi, majirani wa Wangonde, wana vimbuza: mgonjwa anacheza, pepo wanapashwa joto kwa ngoma, na mapigo yanachaguliwa kufuata pepo aliyekuja. Steven Friedson aliishi nao, akajifunza kupiga, na kitabu chake cha 1996 ni miongoni mwa vichache vinavyoeleza tiba na muziki bila kuacha hata kimoja nje. UNESCO iliitangaza vimbuza mwaka 2005 na kuiingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2008, chini ya jina linaloiita uchezaji wa tiba. Kwa Wanyakyusa wa akina Wilson uzito ulikuwa kwingine, kwa wafu: wasipotolewa vizuri huwarudia walio hai wakiwa ndotoni, na wazimu hufuata. Ngoma ya msibani ilikuwa sehemu ya kazi hiyo ya kuwatoa. Ni tiba? Mgonjwa hayupo bado. Ukiiita kinga utakuwa karibu, lakini utakuwa umeiacha mikuki, na wasichana, na vijiji viwili vinavyopimana.

Wachache walijaribu kuliacha neno likiwa zima. Frank Gunderson na Gregory Barz waliwakusanya watafiti wa Afrika Mashariki kwenye kitabu kilichotolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2000, wakakiita Mashindano, na wengi wa walioandika humo wanaanza na nani kamwalika nani, nani kashinda, nani kalipa. Penina Mlama na Elias Songoyi walikuwa wameshaandika, mmoja juu ya sanaa za maonyesho na maendeleo, mwingine juu ya kinachoipata ngoma ikianza kuuzwa. Songoyi ni Msukuma, anatoka kwenye ngoma za mashindano. Hakuhitaji kuambiwa na Ranger kwamba ngoma ina pande mbili zinazogombana.

Mitaani neno halikungoja watafiti wamalize. Timu zikitoka sare, ngoma droo. Mtihani ukiwa mgumu, ngoma nzito. Miaka ya 1990, ugonjwa ulipokuwa unazika vijana na watu wanaogopa kuutaja, ilinong'onwa kwamba fulani ana ngoma, na hakuna aliyeuliza ngoma gani. Kisha Bongo Fleva ikalichukua na kulitia maana iliyoenea kuliko zote: kijana wa Kyela anapomwambia mwenzake kwamba msanii fulani kaachia ngoma mpya, anazungumzia faili la dakika tatu lililopikwa kwenye kompyuta, lisilo na gogo, ngozi wala mtu anayeruka. Weule angelitambua mara moja, maana ndicho kilichokuwa katika silinda zake za nta: sauti peke yake, imekatwa kwenye watu. Lakini faili hilo haliishi simuni tu. Litapigwa kwenye harusi ya Ipinda, hukohuko Kyela, kwenye spika zilizokodiwa, mbele ya kamati iliyochangishana miezi minne, na wa upande wa bwana harusi wataingia uwanjani kuwaonyesha wa upande wa bibi harusi kwamba na wao wapo.